Skimu ya Maji au Skimu ya Matuta?

Jioni moja, katika kikao cha Baraza la Wazee wa usharika wetu hapa Kisaki, niliwasomea wazee andiko la mradi. Nilikuwa nimeliandika mwenyewe kwa Kiingereza, usiku baada ya usiku, ili tulipeleke kwa marafiki wa kanisa walioko nje ya nchi. Lilihusu shamba la usharika lililo karibu na Mto Mgeta: tuchimbe mfereji, tutengeneze majaruba ya mpunga, tulime mara mbili kwa mwaka badala ya mara moja, na mapato yatusaidie kumalizia paa la kanisa na kuwasomesha yatima. Kwa kuwa si wazee wote wanaojua Kiingereza, nilisoma aya moja na kuitafsiri, kisha nyingine. Neno moja sikulitafsiri, maana niliona limekwisha kuwa Kiswahili. Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika "scheme", nami nikasema skimu. Kamati ya skimu, wanachama wa skimu, faida za skimu.

Mama mmoja, mzee wa kanisa, aliyezaliwa upande wa Matombo akaolewa huku bondeni, aliinua mkono. Akasema, "Baba Mchungaji, samahani. Hiyo skimu ni skimu ya maji au ni skimu ya matuta?"

Vijana waliokuwamo walicheka. Wazee hawakucheka. Mimi nilijibu upesi kwamba ni ya maji, nikaendelea kusoma. Lakini swali lile lilinifuata hadi nyumbani, na ndilo ninalotaka tulitafakari pamoja, ndugu msomaji, kwa sababu nimeona kwamba linamhusu kila mtu anayepanga jambo kwa ajili ya wengine: mzazi, mwenyekiti wa kijiji, mchungaji, na hata wewe.

Wengi wa vijana wetu hawajui habari ya matuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha katika milima ya Uluguru mpango wa matumizi ya ardhi. Kwa Kiingereza uliitwa Uluguru Land Usage Scheme. Kusudi lilikuwa kuzuia mmomonyoko. Miteremko ni mikali, watu walikuwa wakiongezeka, na kila masika udongo ulishuka mitoni. Basi wakulima waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao, watake wasitake. Mahali pengi udongo wenye rutuba ni mwembamba. Jembe lilipokata ngazi lilifukia udongo mzuri na kuleta juu udongo usiozaa. Watu wakafanya kazi ngumu na kuvuna haba. Tena ardhi ya Waluguru ni ya ukoo, hufuata upande wa mama, na wengi wakaanza kuulizana: huyu anayenilazimisha kulikata hivi shamba la ukoo wangu, kesho hatalitaka liwe lake? Mwezi wa Julai 1955 hasira ililipuka huko Matombo. Umati ukakusanyika, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mpango ule uliachwa.

Yule mama wa baraza alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Anachokumbuka ni mama yake akirudi jioni kutoka kwenye matuta, mikono imechubuka, akilitaja neno hilo la kigeni kama mtu anavyotaja ugonjwa. Kwa hiyo niliposema skimu, mimi nilisikia maji yakitiririka, na yeye alisikia jembe la amri.

Nilikwenda kulitafuta neno hili katika vitabu nilivyobaki navyo kutoka chuo cha theolojia. Asili yake ni neno la Kigiriki, skema, maana yake umbo au sura ya nje ya kitu. Kwa Kiingereza lilianza kwa maana ya umbo na mchoro, likaja kuwa mpango uliochorwa, na baadaye likapata maana nyingine: mpango wa siri, hila ya kumzunguka mwenzako. Maana zote mbili ziko hai mpaka leo. Mwingereza akikuambia habari za "scheme" ya pensheni anazungumza jambo jema la uzeeni. Mmarekani akikuambia jirani yake ana "scheme", shika mfuko wako.

Sisi katika Kiswahili tunajaribu kuzitenganisha. Tuna mpango, mradi, mkakati. Upande wa pili tuna njama na hila. Lakini ukisikiliza mitaani utaona kwamba hata sisi maneno yetu hayatulii. Kijana akisema ana mchongo au ana dili, huwezi kujua kama amepata kibarua au anakwenda kuiba. Na neno lenyewe mpango, ambalo tunalitumia kwa maendeleo ya taifa, wengine wamelipeleka kwenye uzinzi wakauita mpango wa kando. Neno ni moja, ila kinachobebwa ndani yake ni tofauti.

Tusidhani kwamba Biblia imeliepuka tatizo hili. Yeremia 29:11 ni mstari tunaoupenda, tunauandika kwenye kalenda na kwenye kadi za harusi. Hapo Mungu anawaambia watu waliochukuliwa mateka kwamba anayo mawazo juu yao, nayo ni ya amani. Katika Kiebrania neno hilo la mawazo ndilo hilo hilo lililo katika Yeremia 18:18, ambapo adui za nabii wanaitana wafanye shauri la kumwangamiza. Na katika Mwanzo 50:20, Yusufu anapowaambia ndugu zake kwamba wao walimkusudia mabaya lakini Mungu alikusudia mema, Kiebrania kinatumia kitenzi kimoja kwa ajili ya pande zote mbili, cha mzizi ule ule. Ndugu walipanga, na Mungu alipanga. Lugha takatifu haikuona haja ya kuwapa waovu neno lao na Mungu neno lake. Basi tofauti kati ya mpango na njama haiko katika neno. Tuitafute kwingine.

Jibu la kwanza linalokuja kichwani ni hili: mpango wenye kusudi jema ni mpango, na wenye kusudi baya ni njama. Mimi pia niliamini hivyo. Lakini jibu hilo halilingani na habari ya matuta. Wale maafisa hawakusema uongo kuhusu udongo. Udongo wa Uluguru ulikuwa unashuka kweli, na maji ya milima hii si ya Waluguru peke yao, kwa maana Mto Ruvu unaonywesha Dar es Salaam hupata maji yake huku kwetu. Wala matuta si dhambi. Leo ukipanda Mgeta utaziona bustani za kabichi, karoti na viazi zimekaa juu ya ngazi za udongo, na hakuna askari aliyesimama juu yake. Kusudi lilikuwa jema, na kazi yenyewe mahali pengine ilifaa. Hata hivyo kwa watu wa Matombo ilikuwa njama.

Tena si wao tu. Mwaka 1947, si mbali sana na sisi, huko Kongwa, Waingereza hao hao walianza kufyeka pori ili kulima karanga. Walikusudia ekari zaidi ya milioni tatu kwa jumla, zikiwamo za Urambo na Nachingwea. Karanga zingewapatia mafuta watu wa Uingereza waliokuwa na njaa baada ya vita, na maendeleo kwa watu wa Tanganyika. Nao uliitwa "scheme". Ardhi ilikuwa ngumu, mvua hazikutosha, mashine ziliharibika. Mwezi wa Januari 1951 mpango ulifutwa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimekwisha kuteketea. Wagogo wangeweza kuwaeleza habari za mvua za Kongwa bila malipo, kama wangeulizwa.

Sisi watu wa Kisaki tumezoea kuishi kando ya mipango ya wakubwa. Septemba 1916 majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipigana hapa, kila upande na ramani yake, na mwenyeji hakuwa na nafasi katika ramani hizo isipokuwa kubeba mizigo. Baadaye, kati ya 1970 na 1975, ilijengwa reli ya TAZARA, na stesheni yetu ikawa mlango wetu wa kutokea. Hiyo imetufaa sana. Katika miaka hiyo hiyo watu wengi nchini walihamishiwa vijijini, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu. Hivi karibuni tumeona malori yakipita kwenda bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji. Sisemi kwamba mipango mikubwa ni mibaya. Nasema mtu wa Kisaki akisikia habari ya mpango, kabla ya kuuliza utaleta nini, huuliza mimi nimo ndani yake kama nani.

Sasa niseme habari zangu, maana si haki kuwahukumu Waingereza halafu nikajiacha.

Katika andiko lile niliandika kwamba shamba la usharika ni eneo lililo wazi. Halikuwa wazi. Kwa karatasi ni la kanisa, kweli, lakini kwa miaka mingi, kwa ruhusa ya mchungaji aliyenitangulia, familia saba zilikuwa zinalima vipande vyake. Wawili ni wajane washarika wetu. Familia mbili ni za majirani zetu Waislamu. Nilijua. Nilijiambia kwamba tutawapangia baadaye, kwamba skimu ikikamilika na wao watafaidika, kwamba wafadhili hawapendi maelezo marefu. Sikuwa na nia ya kumwonea mtu, na nilikuwa na yatima kwenye ukurasa wa kwanza.

Usiku ule baada ya kikao nilifungua Katekisimo Ndogo ya Luther, kwa kuwa kesho yake nilikuwa na darasa la kipaimara, na somo lilikuwa amri ya tisa. Luther aliiandika mwaka 1529. Katika maelezo ya amri hiyo hazungumzii mwizi avunjaye nyumba. Anaonya juu ya mtu anayeutaka urithi au nyumba ya jirani kwa werevu, na kuipata kwa njia iliyo na sura ya haki. Ninayo tafsiri moja ya Kiingereza ya Katekisimo, na neno lililotumika hapo kwa werevu huo ni "scheme". Nilikaa nalimtazama taa. Sura ya haki ndiyo niliyokuwa nayo mimi. Nilikuwa na hati, nilikuwa na muhuri wa usharika, nilikuwa na kusudi jema. Nilichokosa ni watu saba ambao nisingethubutu kuwasomea andiko lile kwa sauti.

Hapo nilianza kuona tofauti niliyokuwa naitafuta. Mpango unakuwa njama pale usipoweza kusemwa wazi mbele ya wale watakaoubeba mzigo wake, wakapewa nafasi ya kusema hapana. Tazama yule tajiri mpumbavu wa Luka 12. Kubomoa ghala na kujenga kubwa zaidi si kosa. Yusufu naye alijaza ghala kule Misri. Lakini sikiliza mazungumzo yake. Anajiuliza mwenyewe, anajijibu mwenyewe, mavuno yangu, ghala zangu, nafsi yangu. Katika mpango wake wote hakuna mtu mwingine wa kumwambia "hapana" au "subiri". Ndiyo maana sauti ya kwanza ya kumpinga ikawa ya Mungu, na ikaja usiku ule ambao alikuwa amechelewa. Na Yakobo 4:13-15 hatukatazi kusafiri na kufanya biashara. Anatufundisha tuseme, Bwana akipenda. Majirani zetu Waislamu husema Inshallah, na sisi wakati mwingine tunawatania kwamba ni neno la mtu asiyetaka kuahidi. Lakini mtu anayelisema kwa moyo anakiri kwamba mpango wake unaweza kusahihishwa. Na mara nyingi Bwana hutusahihisha kwa kinywa cha mama mzee aliyeinua mkono.

Tunawaonya watu wetu juu ya upatu, na tufanye hivyo. Mwaka 2009 Serikali ilipoisimamisha DECI, Watanzania wengi walikuwa wamekwisha kuweka fedha zao humo, wakiambiwa wanapanda mbegu na watavuna. Lugha ilikuwa ya kanisani, na baadhi ya viongozi wake walikuwa wachungaji. Ile ni njama ambayo kila mtu anaitambua baada ya fedha kupotea. Ile ya amri ya tisa ni vigumu zaidi kuitambua, kwa sababu mwenye kuifanya hajioni kuwa mwongo. Anajiona kuwa mleta maendeleo.

Jumapili iliyofuata sikuhubiri habari hii. Niliona aibu. Nilikwenda Jumatatu kwa familia moja moja, kisha tukakutana wote saba na baraza chini ya mwembe. Niliwasomea andiko kwa Kiswahili, pamoja na maneno yale, eneo lililo wazi. Mzee mmoja wa zile familia za Kiislamu alicheka kwa upole akasema, "Mchungaji, basi sisi ni majini." Wengine hawakucheka. Familia tatu zilikubali, mbili zilitaka vipande vyao vibaki, wajane waliomba muda wafikiri. Walifikiri mwezi mzima. Tarehe ya mwisho ya kupeleka andiko ikapita, na fedha zile zikaenda kwa wengine.

Kijana mmoja wa kwaya alinijia akiwa amekasirika. Alisema, "Mchungaji, kwa ajili ya vipande vya watu saba tumewanyima yatima arobaini. Ungepeleka, wangekushukuru baadaye. Mungu mwenyewe, alipopanga kutuokoa, alimwuliza nani?"

Sikumpuuza, maana ni swali la kweli, na kwa habari ya yatima bado linaniuma. Sitaki kuwadanganya kwamba najua hesabu yake. Huenda andiko lingekubaliwa, na watoto fulani leo wangekuwa darasani. Kila anayekataa njia ya mkato lazima akubali kwamba kuna mtu atakayelipa kwa ajili ya kuchelewa huko, na mara nyingi si yeye.

Lakini kwa swali la Mungu nilimjibu, na nalileta jibu hilo kwenu. Kwanza, Mungu aliuliza. Katika Luka 1 malaika hakuondoka Nazareti kabla binti yule hajauliza swali lake na kutoa jibu lake. Mpango wa milele ulisimama kidogo mlangoni pa msichana wa kijijini. Pili, nirudi kwenye lile neno la Kigiriki, skema. Paulo analitumia katika Wafilipi 2, pale anaposema Kristo alionekana ana umbo la mwanadamu, akajinyenyekeza hadi mauti ya msalaba. Umbo hilo ni skema. Afisa wa matuta alipanga, na mama wa Matombo akachimba. Mimi nilipanga, na wajane wangehama. Mungu alipanga, na mzigo wa mpango wake akaubeba mwenyewe, katika umbo la yule aliyepangiwa. Hakuna aliyepelekwa msalabani badala yake. Kwa hiyo tunaposema Mungu ana mpango na maisha yako, tunathubutu kusema hivyo kwa mtu mgonjwa na kwa mtu aliyefiwa, kwa sababu tu tunazungumza habari za Mungu huyu. Msemo huo huo, ukitolewa na mtu aliyekaa mbali na maumivu, ni skimu ya matuta.

Leo shambani kwetu kuna mfereji mfupi wa udongo, tuliouchimba wenyewe, unaomwagilia kama nusu ya eneo. Wajane walikubali mwishowe, kwa sharti kwamba wachague wao majaruba yao. Masika iliyopita Mgeta ilifurika ikabomoa tuta la mfereji. Baadhi ya watu walikuja na majembe, baadhi hawakuja. Paa la kanisa bado halijaisha, na mvua ikinyesha wanakwaya husogea upande wa kulia. Yule mama wa Matombo amechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati, nayo haiitwi tena kamati ya skimu. Inaitwa kamati ya shamba.

Nimalizie na jambo ambalo Kiswahili chetu kimelihifadhi. Anayefanya mpango tunamwita mpangaji. Na anayekaa katika nyumba ya mtu mwingine, akilipa kodi, tunamwita nani? Mpangaji. Tunalitumia neno hilo kila siku bila kuwaza. Katika Walawi 25:23 Mungu anawaambia Israeli kwamba nchi ni yake, na wao wanakaa kwake kama wageni. Basi kila mpangaji ni mpangaji. Unayepanga shamba, harusi, masomo ya mtoto, maendeleo ya kijiji au ujenzi wa kanisa, unapanga ukiwa ndani ya nyumba isiyo yako, pamoja na wapangaji wenzako, na mwenye nyumba yupo. Kabla hujabomoa ukuta, gonga kwanza mlango wa chumba cha pili. Bwana akipenda, watakufungulia.